Mgongano wa maslahi kwa wajumbe wa bodi za maendeleo ya uchumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wajumbe huyarudia kila bodi mpya inapoingia. Mengine huulizwa kwenye mafunzo ya siku ya kwanza, mengine kwa kunong'ona mlangoni dakika tano kabla ya kikao. Majibu yanafuata kanuni zinazofanana katika nchi nyingi. Sheria ya nchi yako na kanuni za bodi yako ndizo zenye neno la mwisho, na si ajabu zikawa kali kuliko maelezo haya.

## Mambo ya msingi

1. Mgongano wa maslahi ni nini hasa?

Ni hali ambayo mjumbe ana jambo lake binafsi linaloweza kuingilia uamuzi anaopaswa kuutoa kwa niaba ya umma. Jambo hilo linaweza kuwa fedha, mali, ajira, undugu, urafiki wa karibu, na wakati mwingine uhasama. Anayetaka kiwanja cha jirani kinyimwe kibali kwa sababu wana kesi mahakamani, naye ana maslahi.

Litazame neno "linaloweza". Si lazima jambo hilo liwe limeingilia uamuzi kweli. Kipimo ni kile ambacho mtu wa kando, asiyependelea upande wowote na anayezijua habari zote, angekiona. Majaji wa Baraza la Malodi nchini Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, walikitamka kipimo hicho katika hukumu ya Porter dhidi ya Magill mwaka 2001, kesi iliyotokana na uuzaji wa nyumba za halmashauri. Ndiyo maana jibu la "lakini mimi najijua, sipindishwi na chochote" halimsaidii mjumbe hata akiwa anasema kweli tupu.

2. Nikiwa na maslahi, maana yake nimekosa?

Hapana. Kosa huanza pale unapoyaficha, au unapoyatangaza kisha ukaendelea kuamua kana kwamba hukusema kitu.

3. Kwa nini bodi za maendeleo ya uchumi zinasumbuliwa na jambo hili kuliko bodi nyingine?

Kwa sababu zimeundwa hivyo. Bodi ya aina hii hugawa ruzuku na mikopo, hupendekeza misamaha ya kodi, huuza au kukodisha viwanja vya umma, na hupanga barabara na maji vifike wapi kwanza. Halafu wajumbe wake huchaguliwa makusudi miongoni mwa watu wanaoijua biashara: wenye viwanda, wamiliki wa majengo, mameneja wa benki, makandarasi, viongozi wa vyama vya wafanyabiashara. Unamchukua mtu kwa sababu ana mizizi katika uchumi wa eneo, kisha unashangaa mizizi hiyo inapokutana na ajenda.

Bodi inayojisifu kwamba haijawahi kuandika tamko hata moja la maslahi kwa mwaka mzima inatia shaka zaidi kuliko ile yenye matamko mawili kila kikao. Ama wajumbe wake hawana shughuli yoyote mjini, ama hawasemi.

4. Kuna tofauti gani kati ya mgongano halisi, unaoonekana na unaoweza kutokea?

Mgawanyo huu wa aina tatu ulienea kupitia miongozo ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) ya mwaka 2003. Mgongano halisi upo sasa hivi: ombi la mkopo la kampuni yako liko mezani. Mgongano unaoonekana ni pale watu wanapokuwa na sababu ya kudhani upo ingawa ukichunguza haupo. Mathalani, mwombaji ana jina la ukoo kama lako lakini hamjuani. Unaoweza kutokea haujafika, ila unauona unakuja: una shamba kandokando ya eneo ambalo bodi inaanza kulifikiria kwa viwanda.

Hatua hazifanani. Wa kwanza unakutoa kikaoni. Wa pili mara nyingi unamalizwa kwa maelezo mafupi yanayoandikwa kwenye muhtasari. Wa tatu unaingia kwenye daftari la maslahi mapema, ili siku ukiiva asiwepo wa kushtuka.

5. Mimi sipokei mshahara, ni posho ya kikao tu. Kanuni hizi zinanihusu?

Zinakuhusu. Kinachoangaliwa ni mamlaka uliyonayo juu ya mali ya umma, wala si unacholipwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unamhesabu afisa wa umma kuwa ni yeyote mwenye wadhifa wa umma, awe wa kudumu au wa muda, alipwe au asilipwe.

## Maslahi yangu na ya watu wangu

6. Ni maslahi gani ninayopaswa kuyatangaza?

Anza na yale ya fedha: ajira yako, biashara unazomiliki au kuziongoza, hisa, ardhi na majengo ndani ya eneo la bodi, mikataba uliyo nayo na mamlaka yoyote ya hapo, madeni makubwa (mdaiwa ana sababu ya kumpendeza mdai wake), na watu wanaokulipa ada ya ushauri. Kisha yasiyo ya fedha: uongozi katika vyama, taasisi za dini, klabu na mashirika yanayoweza kufika mbele ya bodi.

Madeni ndiyo yanayosahaulika zaidi. Wajumbe wengi huorodhesha walichonacho na kuacha wanachodaiwa.

7. Ndugu zangu wanahesabika hadi wapi?

Neno "ndugu" ni pana mno kwa kazi hii, ndiyo maana kanuni nzuri huwataja watu mmoja mmoja: mwenzi, mtu mnayeishi naye kama mwenzi, watoto, wazazi, kaka na dada, wakwe, mashemeji, na mbia wa biashara. Sheria ya serikali za mitaa ya Uingereza ya mwaka 2011 huyahesabu maslahi ya kifedha ya mwenzi kuwa ni ya diwani mwenyewe, mradi diwani anajua kwamba yapo.

Kwa walio nje ya orodha, kama binamu au rafiki mliyesoma naye, jiulize kama ungekuwa tayari jina lake na uhusiano wenu visomwe kwa sauti kabla ya kura yako kuhesabiwa. Ukisita, tangaza.

8. Ninajitolea tu kwenye bodi ya shirika lisilo la faida. Hapo pana mgongano gani wakati sipati hata senti?

Kisa kinachojulikana zaidi kuhusu swali hili kilimkuta jaji. Mwaka 1998 majaji wa Baraza la Malodi walitoa uamuzi dhidi ya Augusto Pinochet, aliyekuwa rais wa Chile, katika shauri ambalo Amnesty International iliruhusiwa kushiriki. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wao, Lord Hoffmann, alikuwa mwenyekiti asiyelipwa wa kampuni ya hisani ya shirika hilo. Hakuna aliyedai kwamba aliegemea upande. Hata hivyo uamuzi ulifutwa mwezi Desemba mwaka huohuo na shauri likasikilizwa upya mbele ya jopo jingine.

Kwa hiyo kama shirika unalolisaidia limeomba ruzuku ya kufundisha vijana ufundi, tangaza na utoke, hata kama hujawahi kunywa maji ya shirika hilo.

9. Uamuzi unawagusa wafanyabiashara wote, nami ni mmoja wao. Nijitoe?

Kwa kawaida hapana. Maslahi unayoshiriki na umma wote, au na kundi kubwa kwa kiwango kilekile, hayakuzuii. Bodi ikijadili kupunguza ada ya leseni kwa biashara zote, mwenye duka anaweza kukaa na kupiga kura. Ingekuwa vinginevyo, hakuna ambaye angebaki kuamua.

Ujanja hufichwa kwenye ukubwa wa kundi. "Wafanyabiashara wote" ni kundi. "Wenye maghala kwenye barabara ile" wanaweza kuwa watu watatu, na wewe ndiye mwenye ghala kubwa kuliko yote. Hesabu wangapi watanufaika, kisha angalia kama fungu lako linawazidi wenzako kwa mbali.

10. Hisa chache katika kampuni kubwa nazo ni maslahi?

Nchi nyingi zimeweka kiwango cha chini ambacho chini yake hisa hazihesabiki. Kijue kiwango cha kwenu, na uziandike kwenye daftari hata kama hazijakifikia. Mstari mmoja hauna gharama.

## Kutangaza na kujitoa

11. Natangaza lini, na kwa nani?

Mara tatu. Kwanza unapoteuliwa, unapojaza daftari la maslahi. Madiwani wa Uingereza, kwa sheria iliyotajwa katika swali la 7, hupewa siku 28. Pili, kila hali inapobadilika: umenunua kiwanja, umeacha kazi, binti yako ameajiriwa na mzabuni. Tatu, kikaoni, hata kama jambo limo daftarini tangu zamani, kwa sababu waliokaa mezani hawana daftari mbele yao.

Wakati bora wa kumwambia katibu ni pale unapopokea kabrasha la kikao. Akijua siku tatu kabla, anaweza kukuondolea nyaraka za ajenda hiyo na kuhakikisha akidi itatosha. Akijua katikati ya mjadala, kikao kinasimama na wote wanakutazama wewe.

12. Niseme nini? Nitaje kila kitu?

Sema aina ya maslahi, yanahusu ajenda gani, na utachukua hatua gani. "Ajenda namba nne: mke wangu ni mkurugenzi wa kampuni iliyoomba mkopo, naomba kutoka nje" inatosha kabisa. "Nina maslahi kidogo hapo" haitoshi, maana haimwambii msikilizaji kitu. Kwa upande mwingine huhitaji kueleza mapato ya mkeo au historia ya kampuni.

Ikiwa maelezo yenyewe ni siri, kwa mfano wewe ni wakili na mwombaji ni mteja wako, sema tu kwamba una wajibu wa kikazi unaokuzuia, kisha utoke.

13. Ni lazima nitoke chumbani? Nikikaa kimya bila kupiga kura haitoshi?

Kanuni zinatofautiana, ila ushauri wetu ni mmoja: toka. Mjumbe anayebaki kitini anaongea hata akifunga mdomo. Wenzake wanaona anavyotikisa kichwa, anavyoandika, anavyomtazama aliyetoa hoja ya kupinga. Na mwenye hoja ya kupinga, akijua watarudi pamoja kwenye kikao cha mwezi ujao, anaipunguza makali.

Kujitoa hakuishii mlangoni. Kunahusu pia simu za usiku uliotangulia, ujumbe kwenye kundi la wajumbe, na mazungumzo ya kwenye ngazi na afisa anayeandaa tathmini. Tumeshuhudia mjumbe akitoka nje kwa heshima zote, kumbe wiki nzima alikuwa akimpigia simu kila mwenzake. Kura ilipita bila yeye, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha.

Kwa vikao vya mtandaoni, kuzima kamera si kutoka. Katibu akuondoe kwenye mkutano au akuweke kwenye chumba cha kusubiri, na saa ya kuondoka na kurudi iandikwe.

14. Mimi ndiye mtaalamu pekee wa jambo hilo. Siwezi hata kujibu maswali?

Baadhi ya kanuni huruhusu ueleze mambo ya kiufundi kabla ya mjadala, kwa kibali cha bodi, kisha utoke. Yasiporuhusiwa, bodi iagize maoni ya mtaalamu mwingine. Tahadhari: mtaalamu mwenye maslahi hahitaji kusema uongo ili kuupinda uamuzi; inatosha achague tu ukweli upi autangulize.

15. Mwenyekiti ndiye mwenye maslahi. Nani anaongoza?

Makamu. Asipokuwepo, wajumbe wamchague mmoja wao kwa ajenda hiyo tu. Mwenyekiti akabidhi kiti kabla ajenda haijafunguliwa, wala si baada ya kuieleza "kwa ufupi".

16. Muhtasari wa kikao uandikweje?

Jina la mjumbe, aina ya maslahi, ajenda husika, saa aliyotoka, saa aliyorudi, na kwamba hakushiriki mjadala wala kura. Sentensi kama "wajumbe walitangaza maslahi yao kadiri ya utaratibu" haina thamani siku mkaguzi anapokuja, kwani haionyeshi nani alikuwa wapi.

## Ruzuku, zabuni na ardhi

17. Kampuni yangu inaweza kuomba ruzuku au mkopo wa bodi?

Mahali pengine ni marufuku moja kwa moja, na kutangaza hakuondoi marufuku hiyo. Nchini Marekani, miradi inayolipiwa kwa ruzuku za maendeleo ya jamii za wizara ya nyumba na miji ina kanuni ya namna hii: mwenye sauti juu ya fedha hizo haruhusiwi kupata faida yake, iwe yeye, familia yake ya karibu au washirika wake wa biashara, ila kwa kibali maalumu.

Pale inaporuhusiwa, ombi lipite njia ileile ya waombaji wengine, fomu ijazwe na kufuatiliwa na mtu mwingine katika kampuni, nawe ujitoe kwenye mzunguko mzima. Hapo ndipo wengi hukosea. Mjumbe hutoka wakati ombi lake linajadiliwa, kisha anarudi kuyajadili maombi ya washindani wake. Fungu ni moja: ukimnyima jirani, umejiongezea.

18. Je, ikiwa kampuni yangu inataka kuiuzia bodi kitu na bei yetu ndiyo nafuu kuliko zote?

Swali hili lilijibiwa mwaka 1854, katika kesi ya kampuni ya reli ya Aberdeen dhidi ya Blaikie Brothers. Mwenyekiti wa kampuni ya reli alikuwa pia mbia katika kiwanda kilichoiuzia vishikizo vya chuma vya reli. Mahakama ilikataa hata kuchunguza kama bei ilikuwa ya haki. Mtu hawezi kuipigania bei ya chini kwa mnunuzi na ya juu kwa muuzaji kwa wakati mmoja, na hakuna awezaye kujua ni bei gani ingefikiwa kama mnunuzi angekuwa na mtu wake peke yake.

Bei nafuu inaweza kuwa kweli. Bado mkataba unaweza kubatilishwa, na hasara ikabaki kwako.

19. Nimejua kikaoni kwamba barabara mpya itapita mahali fulani. Naweza kununua kiwanja hapo?

Usinunue, na usimwambie mtu anunue. Hapa tatizo limevuka mgongano wa maslahi na kuwa matumizi ya taarifa za siri, ambayo katika nchi nyingi ni jinai. Subiri mpango utangazwe, na hata hapo tangaza ununuzi kabla ya ajenda yoyote inayogusa eneo hilo. Kama kiwanja ulikuwa nacho tangu zamani, rejea swali la 4 na la 11.

20. Mwekezaji ametualika kutembelea kiwanda chake, analipia safari. Twende?

Ziara ya kujifunza ina maana, ila ilipiwe na bodi. Ikishindikana, mwaliko uelekezwe kwa bodi badala ya mtu mmoja mmoja, ukubaliwe kikaoni, gharama ziandikwe kwenye daftari la zawadi, na pasiwe na mwenza wala siku za mapumziko. Ikiwa mwekezaji huyo ana ombi mezani sasa, kataeni.

## Mazingira magumu

21. Karibu wote tuna maslahi katika ajenda moja. Akidi haitimii. Tufanyeje?

Msijipe ruhusa wenyewe. Kwanza, igawanyeni ajenda: huenda maslahi ya watu watatu yamo kwenye kipengele kimoja tu. Pili, angalieni kama sheria inatoa kibali maalumu. Ile ya Uingereza ya mwaka 2011 inaruhusu diwani apewe kibali ikiwa waliozuiwa ni wengi kiasi cha kukwamisha shughuli, na kibali huombwa kwa maandishi na hutolewa kwa muda maalumu. Tatu, pelekeni uamuzi kwa mamlaka iliyowateua.

Ipo pia kanuni ya kale ya ulazima: uamuzi ukiwa hauna budi kutolewa na hakuna mwingine mwenye uwezo wa kuutoa, wenye maslahi wanaweza kuamua baada ya kutangaza kila kitu. Ichukulieni kama mlango wa dharura, na msiupite bila mwanasheria.

22. Nimegundua baada ya kupiga kura. Nimechelewa?

Kuripoti hujachelewa. Mwandikie mwenyekiti na katibu siku hiyohiyo, eleza ulivyogundua na lini, na omba jambo lirudishwe kikaoni bila wewe. Mara nyingi uamuzi hupita tena kama ulivyokuwa, safari hii bila doa. Kutumaini kwamba hakuna atakayegundua ni vibaya kwa sababu moja ya kiutendaji: mkopo ukishatolewa na jengo kuanza, kubatilisha uamuzi kunawaumiza watu wasiohusika.

23. Mwenzangu ana maslahi na hasemi. Nifanye nini?

Mwulize faraghani kabla ya kikao. Wengi husahau kweli, na swali la upole humpa nafasi ya kusema mwenyewe. Asiposema, mweleze mwenyekiti au katibu. Ikifika kikaoni, uliza kwa namna ya swali, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tuthibitishe kama kuna mwenye uhusiano na mwombaji huyu," kisha omba swali na jibu viingie kwenye muhtasari. Ukiona nyaraka zinafichwa au fedha zinahama, hilo limeshavuka kikao: lipeleke kwa mkaguzi au chombo cha kupambana na rushwa.

Na usiitumie kanuni hii kama fimbo. Kumtuhumu mpinzani kila anapotaka kusema ni njia nyingine ya kumwondoa mezani.

24. Nimeteuliwa na chama cha wafanyabiashara ili nikiwakilishe. Natumikia nani?

Chama kilikupa kiti na uzoefu wako unakaribishwa, lakini kura yako ni ya bodi. Unaweza kueleza msimamo wa chama ukisema wazi kwamba ni wa chama. Usiingie na maagizo ya jinsi ya kupiga kura, na usirudi chamani na nyaraka za siri. Chama chenyewe kikiomba fedha, jibu la swali la 8 linakuhusu neno kwa neno.

25. Mwombaji ameniambia kuna kazi kwangu muda wangu ukiisha. Sijakubali. Nitangaze?

Ndiyo, tangu siku mazungumzo yalipoanza. Ahadi ina uzito kuliko hisa, kwa kuwa hisa zimo kwenye daftari na ahadi iko kichwani mwako tu.

26. Nikishaondoka bodini, nimekuwa huru?

Si mara moja. Zile kanuni za ruzuku za Marekani zilizotajwa katika swali la 17 zinamfuata mjumbe kwa mwaka 1 baada ya kuondoka, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa unazitaka nchi ziweke, pale inapofaa, kipindi cha kusubiri kwa maafisa wanaohamia sekta binafsi. Katika kipindi hicho usiiwakilishe kampuni mbele ya bodi uliyotoka, hasa kwa jambo ulilolishughulikia. Taarifa za siri hazina kipindi: zinabaki siri hadi bodi yenyewe izitoe. Rudisha makabrasha yote kwa katibu, yakiwemo yale yaliyomo kwenye simu yako.